Deni la Mrithi

Apandaye mahindi hujipandia mwenyewe, kwa kuwa miezi michache haipiti kabla hajala alichokipanda. Apandaye mzabibu hufanya tendo la namna nyingine. Mche wake humngojesha miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa. Na ukitunzwa vyema huzaa miongo mingi, pengine hata baada ya mikono iliyoupanda kulala kaburini. Kwa hiyo shamba la mizabibu lina neno ndani yake ambalo shamba la mahindi halina. Lasema kwamba kesho itakuwapo, na kwamba katika kesho hiyo atakuwapo mtu wa kupokea. Ndiyo sababu mashamba ya namna hiyo aghalabu huwa mali ya ukoo, na historia zake husimuliwa kama nasaba: fulani alimzaa fulani, na fulani akaongeza konde la pili.

Lakini nasaba si hoja. Mtoto azaliwapo katika nyumba yenye shamba hakulima, hakupanda wala hakupogoa. Jirani yake aliyezaliwa siku ile ile katika nyumba isiyo na kitu hakukosa lolote. Kwa haki gani basi mmoja huitwa mrithi, na mwingine huja shambani kutafuta kibarua? Swali hili ni la kale, na majibu mawili hutolewa upesi. Jibu la kwanza husema kuwa haki hiyo hutoka katika damu: cha baba ni cha mwana. Jibu la pili husema kuwa hutoka katika jasho: ukoo ulioihudumia ardhi umeipata kwa kazi yake. Majibu yote mawili yana sehemu ya ukweli. Hata hivyo, kila moja likipimwa kwa mambo yaliyotokea, huonekana kupungukiwa.

Na itazamwe damu kwanza. Mwaka 1385 Giovanni di Piero Antinori aliingia katika chama cha mafundi wa divai cha mji wa Florence, Italia, na ukoo wake ungali ukitengeneza divai hata sasa, baada ya vizazi 26. Mtu aisikiapo hesabu hiyo hudhani kuwa ameuona uwezo wa damu. Lakini katika miaka ya 1860 mdudu mdogo aitwaye filoksera, ambaye asili yake ni Amerika Kaskazini, alianza kufyonza mizizi ya mizabibu ya Ufaransa, kisha akaenea katika nchi nyingine za Ulaya. Mashamba ya koo zenye nasaba ndefu yalikauka sawasawa na mashamba ya watu wa jana. Dawa haikupatikana katika damu ya mtu wala katika utomvu wa mzabibu wa Ulaya. Ilipatikana pale wakulima walipokubali kuchukua mashina ya mzabibu wa Amerika, ambayo mizizi yake humstahimili mdudu huyo, wakabebesha juu yake vikonyo vya mizabibu yao. Hivyo sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya, inayosifiwa kwa ukale wake, imesimama juu ya mizizi ya kigeni. Urithi uliokoka kwa mkopo. Aliyesema, "Hili ni letu tangu mababu," alisema kweli nusu. Nusu ya pili ilikuwa chini ya udongo, isipoonekana, na ilitoka kwa wengine.

Yaweza kuonekana ajabu kulichukua swali hili la mizabibu na kulipeleka Endulen, kusini-magharibi ya kreta ya Ngorongoro, katika miteremko inayoelekea Ziwa Eyasi. Endulen hakuna shamba la mizabibu. Hata jembe lenyewe limekuwa na historia ya mashaka huko: sheria ililipiga marufuku mwaka 1975, serikali ikaliruhusu tena mwaka 1992, na mwaka 2009 likakatazwa kwa mara nyingine. Lakini mizabibu ni mfano tu wa mali inayoishi zaidi ya mwenyewe, na mali ya namna hiyo Endulen ipo tangu zamani. Ni kundi la ng'ombe.

Kundi la Mmasai si akiba ya mtu mmoja. Mke aolewapo hutengewa ng'ombe kwa ajili ya nyumba yake. Yeye huwakamua na kuwalisha watoto wake, na wanawe wa kiume hutazamia fungu lao kutoka katika ng'ombe wa nyumba ya mama yao. Mume ndiye atajwaye kuwa mwenye kundi, lakini akimtoa ng'ombe wa nyumba moja na kumpa mke wa nyumba nyingine hujiletea ugomvi usiokwisha upesi. Wengine katika kundi hilo hilo wametoka kwa marafiki, na wengine wamekwenda kwao. Waliopeana ng'ombe huacha kuitana kwa majina yao, wakaitana kwa jina la kile walichopeana: Pakiteng kwa ng'ombe, Paashe kwa mtamba. Hata divai ya nyumba hiyo ipo, nayo ni pombe ya asali, ichachishwayo kwa mizizi ya mmea wa jamii ya shubiri. Wazee huinywa katika sherehe na hubarikia kwayo. Asali yake aghalabu hununuliwa kwa watu wa msituni. Kwa hiyo, hata kileo cha baraka kina jirani ndani yake.

Nyumba hizo nazo zilipata filoksera yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, iliyoingia Afrika kutoka kaskazini, iliwafagia ng'ombe wa Wamasai, na nyuma yake zikaja ndui na njaa. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyefika katika kreta ya Ngorongoro mwezi wa Machi 1892, aliwakuta huko watu waliokonda kwa njaa. Watu ambao mababu zao walihesabu mali kwa mifugo walibaki na fimbo mikononi. Walijiinua kwa njia nyingi, na si zote zilizokuwa njema. Wengine walikimbilia kwa majirani wakulima wakaishi kwa hisani yao. Wengine walitunza mifugo ya watu ili walipwe ndama. Wengine walidai ng'ombe waliokuwa wamewapa marafiki wa mbali. Na wengine walipora. Lakini ni wazi kwamba mtu aliyekuwa na nasaba tu, bila ya rafiki wala mdai wala mdaiwa, hakuwa na mahali pa kuanzia. Kundi jipya lilibebeshwa juu ya mizizi ya watu wengine, kama mzabibu wa Ulaya.

Sasa na itazamwe hoja ya jasho. Mwendo mfupi kutoka Endulen, ndani ya kreta yenyewe, yangali mabaki ya nyumba ya mawe. Katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20, chini ya utawala wa Wajerumani, Adolf Siedentopf alipata ardhi katika sakafu ya kreta na kujenga karibu na mto Munge. Ndugu yake, Friedrich Wilhelm, alikaa upande wa Lerai. Hii ndiyo iliyokuwa mali ya ukoo kwa mtindo wa Kizungu mahali hapo: ndugu wawili, hati ya serikali, nyumba ya kudumu, mifugo mingi, na hapana shaka matumaini ya kuacha jina. Jasho halikukosekana. Barabara ya kupanda na kushuka kreta haikuwapo. Kila kitu kilikuja kwa taabu. Ndugu hao walijaribu hata kuwafukuza nyumbu katika kreta ili nyasi zibaki kwa ng'ombe wao. Nyumbu hawakutoka. Ilipoanza vita ya mwaka 1914 mambo yakageuka. Baada ya vita mashamba ya Wajerumani yalihesabiwa kuwa mali ya adui, na mali hiyo ya kreta ikaingia mikononi mwa Sir Charles Ross, Mskoti aliyependa kuwinda. Ukoo wa Siedentopf haukufikisha kizazi cha pili mahali pale.

Jambo hilo lilijirudia nje ya msitu wa Ngorongoro, katika miinuko ya Karatu na Oldeani. Walowezi wa Kijerumani walipanda kahawa huko katika miaka ya 1920 na ya 1930, na kahawa nayo, kama mzabibu, ni mmea wa mtu mwenye kutazama mbali. Vita ya pili ilipokuja mashamba yao yalichukuliwa, na baada ya vita yakapewa wengine. Shamba moja lililoanzishwa mwaka 1929 lilichukuliwa mwaka 1948 na Mwingereza James Gibb, na hata leo linaitwa kwa jina lake, si kwa jina la aliyepanda miche ya kwanza. Kama jasho lingetosha kumfanya mtu mrithi, wapandaji hao wasingepoteza kitu. Na zaidi ya hayo, kama jasho lingekuwa hati, basi mrithi wa kila shamba la kahawa angekuwa yule mama achumaye buni kwa ujira wa debe, kwa maana jasho lake ni jingi kuliko la yeyote. Wanaoitetea mirathi kwa hoja ya jasho mara chache humtaja mama huyo.

Huenda msomaji akasema kuwa kosa la Siedentopf ni dhahiri: alikuja mahali pa wenyewe. Jibu hilo lina ukweli, lakini halimalizi swali. Kabla ya Wamasai, kreta ilikuwa nchi ya Wadatoga, ambao Wamasai waliwashinda na kuwatoa katika karne ya 19. Makaburi ya Wadatoga yangali humo, na wajukuu wao wameendelea kuyaheshimu. Na kabla ya Wadatoga walikuwako wengine. Laetoli, si mbali na Endulen, ndipo wenzi wa Mary Leakey walipofukua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita, wadogo kwa wakubwa, wakielekea upande mmoja. Atafutaye mtu wa kwanza katika nchi hii atatembea nyuma mpaka achoke, na mwisho atakuta nyayo zisizo na jina. Kuwa wa kwanza, basi, si msingi imara wa haki. Na kuwa wa mwisho mwenye nguvu si msingi hata kidogo.

Ikiwa damu haitoshi, na jasho halitoshi, na kutangulia hakutoshi, kimebaki nini? Katika mirathi ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani wameifuata kwa karne nyingi, iko kanuni moja inayostahili kutafakariwa hata na wasio Waislamu. Mtu afapo, warithi hawagawani kwanza. Hutolewa gharama za maziko, kisha hulipwa madeni ya marehemu, kisha hutekelezwa wasia wake katika mpaka uliowekwa. Kinachosalia ndicho kigawanywacho. Kanuni hiyo yaonekana kuwa ya mahesabu tu, lakini ndani yake mna falsafa kamili. Mali ya marehemu si chombo kitupu kinachomngojea mrithi. Ina watu ndani yake, wenye haki kabla ya haki yake. Deni hutangulia urithi. Wahenga nao walinena kwa maneno machache: dawa ya deni ni kulipa.

Kanuni hiyo ikipanuliwa kidogo, jibu la swali huanza kuonekana. Mrithi si mtu aliyepewa kitu bure. Mrithi ni mtu aliyekubali kusimama mahali pa mdaiwa. Anawiwa na waliotangulia, waliomwachia; anawiwa na majirani, ambao bila mizizi yao mche wake ungekauka; anawiwa na wafanyao kazi pamoja naye; anawiwa na ardhi yenyewe, isiyojua jina la ukoo wake; na anawiwa na wale ambao hawajazaliwa, wasioweza kuja kudai. Ashikaye madeni haya na kuyalipa, huyo ana haki ya kuitwa mrithi, hata kama nasaba yake ni fupi. Ayakanaye, hata kama babu zake ni 26, ni mshika mali tu. Siedentopf hakukosa bidii. Alikosa wadai aliowatambua. Hakuwiwa na Mmasai wala na Mdatoga, na kwa nyumbu alitaka waondoke. Aliyemtambua mmoja tu, yaani serikali iliyompa hati, alimtegemea huyo peke yake; na serikali hiyo ilipoanguka hakukuwa na mkono mwingine wa kumshika.

Tanganyika ilipopata uhuru ililitazama jambo hili kwa mwanga wa namna hiyo. Julius Nyerere alikuwa ameandika mwaka 1958, katika kijitabu chake Mali ya Taifa, kuipinga milki ya ardhi isiyo na mwisho, kwa kuwa ardhi haikuumbwa na mtu. Mwaka 1963 milki za namna hiyo zilibadilishwa kuwa ukodishaji kutoka serikalini, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilitamka kuwa ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Neno hilo ni zito. Mdhamini si mwenye mali. Ni mshika amana, na amana ina wenyewe. Tangu hapo kila ukoo wenye shamba au malisho ni mrithi kwa maana ya deni, na serikali nayo imejiweka katika orodha ya wadaiwa.

Ngorongoro iko hesabu nyingine juu ya hiyo. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai waliweka sahihi ya kuiacha Serengeti, na mwaka 1959 hifadhi ya Ngorongoro ikaundwa ili watu, mifugo na wanyama wa porini wakae pamoja. Mwaka 1974 waliokaa ndani ya kreta walitolewa. Mwaka 1979 UNESCO iliitangaza Ngorongoro kuwa urithi wa dunia kwa ajili ya maumbile yake, na mwaka 2010 ikaongeza sababu ya utamaduni. Watumiaji wa Kiswahili hulisema neno hilo, urithi wa dunia, bila kusita. Lakini lina maana kubwa. Kama hii ni mirathi, basi dunia nzima imejiita mrithi. Na kama hoja iliyotangulia ni sahihi, dunia haiwezi kuichukua mali na kuliacha deni. Mtalii anayeshuka katika kreta na kustaajabia wingi wa wanyama anakula matunda ya shamba ambalo ukoo mwingine ulikaa humo kwa vizazi bila kuwamaliza wanyama hao. Anawiwa.

Haifai hata hivyo kulipa deni hili kwa kufumba macho. Mwaka 1959 wakazi wa hifadhi walikuwa kama 8,000. Katika miaka ya 2010 walipita 90,000. Nyasi hazikuongezeka kwa kadiri hiyo. Mfugaji asemaye kuwa malisho ni yake bila ya mpaka, kwa sababu baba yake alichunga hapo, ametumia hoja ya damu, nayo imekwisha kuonekana kuwa haitoshi. Yeye pia ana wadai: ardhi, wanyama, na wajukuu wake mwenyewe. Wanaohofia uharibifu wa Ngorongoro hawana hofu ya bure.

Lakini namna ya kudai nayo ina maadili yake. Tangu mwezi wa Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro, za Endulen zikiwamo, zimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Serikali imesema kuwa wanaohama wamejiandikisha kwa hiari yao, nao hupewa nyumba na shamba. Wengi waliobaki wameikana hiari hiyo. Huko Msomera nako palikuwa na watu kabla yao, kwa hiyo swali la mrithi limefunga safari pamoja na wahamiaji. Nyumba ni kitu chema, na shamba ni kitu chema. Lakini anayemhamisha mtu hulipa kile kinachoweza kupimwa kwa futi na ekari. Pakiteng hapimwi kwa ekari. Kaburi la mama halipimwi. Mzee aliyempa rafiki mtamba miaka 20 iliyopita, akitumaini kuwa wajukuu wa mtamba huyo watamrudia siku ya ukame, ana hazina isiyo na karatasi. Na wahenga wamesema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye nguvu na mwenye daftari awiwa zaidi kuyahesabu yasiyoandikwa, kwa kuwa asipoyahesabu yeye hapana mwingine atakayeyahesabu.

Kipimo cha haki katika jambo hili huenda kikapatikana mbali kidogo na Endulen, katika nchi kavu ya Dodoma. Huko mizabibu ipo. Katika miaka ya 1950 wamisionari Wakatoliki waliipanda Bihawana, na baadaye wakulima wadogo wakaichukua katika makonde ya familia zao, ambamo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa Dodoma hana nasaba ya Florence, na mzabibu kwake ni mgeni wa juzi. Lakini achimbapo shimo, akaweka samadi, akashindilia mche na kuusimamishia nguzo, amekiri jambo moja: kwamba anaamini mwanawe atakuwapo pale kuupogoa. Mtu asiyeamini hivyo hapandi mzabibu. Hupanda kinachoiva upesi, au huuza alicho nacho, au hukaa akingoja.

Basi uadilifu wa sheria yoyote ya ardhi waweza kujulikana kwa swali dogo: Je, baba aishiye chini ya sheria hiyo athubutu kupanda kitu ambacho hatakivuna yeye? Endulen, ambako mzabibu ni mtamba, swali hilo huulizwa kila mara baba anapomtengea mwanawe ndama bila kujua ni malisho gani yatakayomlea. Ikiwa jibu ni ndiyo, wadai wote wanalipwa, hata kama ni polepole. Ikiwa jibu ni hapana, iko hesabu mahali fulani ambayo haijafungwa, na mtu hawezi kugawa mirathi kabla ya kulipa madeni.